Mababu wa Kiingereza na ndugu zao waliohama: tunayoambiwa na ukweli ulivyo

Mume wangu kwao Lancashire, Uingereza, mimi kwetu Tanga. Mtoto wetu mkubwa alipopewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, upande wangu ulijaa kwa simu moja tu, bibi yake akataja majina mpaka kwa babu wa babu na nani alioa wapi, ila upande wa baba yake tukakwama kwa baba wa babu. Hapo ndo nikaanza kutafuta na mpaka leo sijaacha, na nasaidia na wengine wenye damu ya Kiingereza, wapo wengi kuliko mnavyodhani. Kuna maneno nayasikia kila siku na yanawapotezea watu muda na hela, ngoja niyaseme.

Kubwa kuliko yote ni eti Wazungu kila kitu chao kimeandikwa tangu zamani. Hapana jamani. Serikali imeanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo England na Wales Julai 1, 1837, na hata hapo adhabu kwa mzazi asiyeandikisha mtoto ilikuja kukaza 1875, kwa hiyo kuna watoto hawamo kabisa. Nyuma ya hapo unategemea vitabu vya kanisa, vilivyoamriwa 1538 enzi za mfalme Henry wa Nane, na vile vinaandika ubatizo sio kuzaliwa, mazishi sio kifo, na vingine vimeoza au vimeungua. Sensa ya kwanza yenye majina ya watu wote mnayoweza kuitumia ni ya 1841, na makarani waliambiwa umri wa watu wazima waushushe kwa mafungu ya miaka mitano, yaani mtu wa miaka 39 anaandikwa 35, sasa wewe unaona 35 unaenda kutafuta ubatizo wa mwaka ambao sio, unakosa, unakata tamaa. Ya 1851 ndo nzuri, inakwambia mtu kazaliwa parokia gani. Ya 1931 iliungua yote mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika sababu ya vita, na mafaili ya askari wa kawaida wa vita ya kwanza ya dunia zaidi ya nusu yaliteketea London ilipopigwa mabomu Septemba 1940. Ukikosa karatasi usiseme mtu hakuwepo.

Hapo hapo niseme na hili maana linavunjia watu heshima zao kaburini. Kabla ya 1752 mwaka mpya England ulikuwa unaanza Machi 25, sio Januari. Ukikuta wamefunga ndoa Aprili 1730 na mtoto kabatizwa Februari 1730, usianze kumsema bibi wa watu, hiyo Februari inakuja baada ya Aprili, ni miezi kumi, mtoto ni wa ndoa.

Halafu jina. Watu wanaona Smith huku na Smith kule wanaunganisha, wanapanda mpaka kwa lodi fulani. Smith ni mhunzi tu, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, Taylor fundi cherehani, Johnson mwana wa John. Jina moja sio ukoo mmoja, kama ambavyo kina Juma wote sio ndugu. Na jina lenyewe halikuwa na tahajia moja, karani aliandika alivyosikia, Haworth leo ni Howarth kesho, mtu yule yule. Hizi ngao za ukoo, yaani michoro ya nembo, zinazouzwa kwenye vikombe na fremu ndo zinaniuma zaidi, mtu anatoa hela yake anatundika sebuleni. Ngao ya Kiingereza inapewa mtu na uzao wake, na wenye kazi hiyo ni College of Arms, ofisi ya nembo pale London tangu 1484, hakuna ngao ya jina la ukoo. Msinunue.

Kwa waliohama, wanasema majina yalibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji Marekani. Pale New York pamefunguliwa 1892, na ofisa hakuwa anaandika jina upya, alikuwa anasoma orodha iliyoandikwa huko meli ilikotoka na kumhoji mtu kwa kuifuata. Wengi waliobadili majina walibadili wenyewe baadaye. Tena Waingereza wengi walishaingia Marekani zamani kabla hata ya mwaka huo.

Australia nako wanasema wote ni wafungwa. Waliopelekwa kwa hukumu kati ya 1788 na 1868 ni kama 162,000, ila dhahabu ilipoonekana 1851 watu huru walimiminika kwa malaki, na wengine wengi walilipiwa nauli na serikali za makoloni. Na ukikuta babu yako alikuwa mfungwa usione aibu, hao ndo wameandikwa vizuri kuliko wote: urefu, rangi ya macho, kazi, mpaka chale mkononi.

Kosa jingine ni kutafuta aliyeondoka kwa kukaa upande wa Uingereza tu. Orodha za abiria waliotoka zilizohifadhiwa pale Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, ni za 1890 mpaka 1960, za safari za nje ya Ulaya, humo wamo mpaka waliopanda meli za kuja Mombasa. Kabla ya hapo nenda kule alikofikia, Marekani wana orodha toka 1820, Kanada toka 1865.

Kipimo cha DNA kinasaidia, ila sio zile asilimia za asili yako ni wapi, maana kampuni ikibadili hesabu zake na asilimia zinabadilika. Faida ni majina ya watu mliofanana DNA. Na usipofanana na mtu usikate undugu haraka, wanaochangia babu wa babu tu, kama mmoja kati ya kumi, hawaonyeshi kitu.

Lililonigusa mimi ni hili la watoto waliopelekwa Kanada toka Uingereza kuanzia 1869, zaidi ya laki moja, wakafanye kazi mashambani na majumbani. Watu wanasema walikuwa yatima. Wengi walikuwa na mzazi hai, ni umaskini tu. Babu yake baba mkwe wangu alikuwa na kaka, kwenye sensa ya 1891 yupo, miaka tisa, mama mjane anafanya kazi kiwanda cha pamba, 1901 hayupo, na nyumbani walikuwa wanasema alikufa kwa homa. Nikatafuta kifo chake weee, hakuna. Baadaye nikamkuta kwenye kumbukumbu za Kanada, kashuka Quebec 1893 na kundi la watoto toka Liverpool, ila jina lake la kawaida sana, nikaogopa kumwambia baba mkwe. Sasa sensa ya Kanada ya 1901 iliuliza watu tarehe ya kuzaliwa. Nikamkuta Ontario, shambani kwa watu, kaandikwa mtumishi, na tarehe aliyotaja ndo ile ile iliyoko kwenye cheti chake cha Lancashire, siku, mwezi na mwaka.