Kasuku wa kijivu wa mtandaoni naye anahitaji kibali

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mara: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu akizaliwa kizimbani ni sawa na kuku, lipa tu uletewe. Si kweli. Tangu Januari 2017 ndege huyu yumo kwenye daraja kali kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuzaliwa kizimbani hulegeza masharti, lakini vibali havifutiki. Kenya, kwa mfano, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali hata cha kumfuga.

Mwombe muuzaji karatasi, kisha tazama mguu. Pete isiyo na kiungio huvishwa kifaranga akiwa na siku chache tu, maana ukubwani haipiti kwenye vidole; basi ni dalili kuwa alizaliwa kizimbani. Yenye mwanya yaweza kubanwa wakati wowote. Hata hivyo, pete bila karatasi haitoshi.

Mkanganyiko unaeleweka: wale kasuku wadogo wa Kiaustralia, wa kijani na bluu, mkataba huo hauwagusi, na kwenye tangazo wote huitwa kasuku. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.