Walker, Fuller na Tucker: kazi moja, majina matatu ya ukoo

Mchoro ulio kwenye chupa ya wiski ya Johnnie Walker umewapotosha wengi. Yule bwana mwenye kofia ndefu na bakora, anayekata hatua kama mtu aliyechelewa treni, alichorwa na mchora katuni Tom Browne mwaka 1908, na hadi leo watu huamini kwamba ukoo wa Walker ni wa watembezi hodari. Browne alikuwa akilichezea jina tu, kwani walk kwa Kiingereza cha leo ni kutembea. John Walker, aliyefungua duka la vyakula mjini Kilmarnock, Scotland, mwaka 1820, alirithi jina la kazi, na kazi yenyewe ilimtaka mtu asiende popote. Fundi wa kazi hiyo alisimama ndani ya birika kubwa la maji, akakanyaga kitambaa mchana kutwa.

Kitambaa cha sufu kinapotoka kwa mfumaji bado hakifai kuvaliwa. Nyuzi zimeachiana, upepo unapenya, na kimejaa mafuta: ya kondoo mwenyewe, na mengine yaliyopakwa ili uzi usikatike wakati wa kusokota. Katika Uingereza ya enzi za kati kilitumbukizwa kwenye maji yaliyotiwa udongo wa kunyonya mafuta, au mkojo uliochacha. Naam, mkojo. Ukikaa siku kadhaa hutoa amonia, na amonia hukata mafuta kama sabuni. Wafanyakazi waliingia pekupeku, wakakanyaga kwa saa nyingi. Joto, maji na mgandamizo hufanya magamba madogo yaliyo juu ya kila unyoya wa sufu yashikane, yasiachane tena. Kitambaa hurudi, kikawa kinene na kizito, na baridi ikashindwa kupita. Baada ya hapo kilisuuzwa, kikatundikwa kwa kulabu kwenye fremu ndefu za mbao na kuvutwa, kikauke kikiwa kimenyooka. Mtu wa kazi hiyo alinuka hata kabla hajabisha hodi, na sidhani kama majirani walihangaika kutafuta jina jingine la kumtambulisha.

Tatizo ni kwamba majirani wa kila upande walikuwa na neno lao. Kaskazini na katikati ya Uingereza aliitwa walker, kutokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale kilichomaanisha kuviringisha na kurusharusha. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye. Kusini-mashariki na East Anglia, eneo la mashariki, aliitwa fuller, neno lenye mizizi katika Kilatini, kwani Warumi nao walikuwa na mafundi hao, na mfalme wao Vespasian alitoza kodi mkojo waliokuwa wakiutumia. Kusini-magharibi, yaani Devon, Cornwall na Somerset, aliitwa tucker, kutokana na kitenzi cha kale cha kutesa, na ukikifikiria kitambaa utaona jina halikukosea. Mjini Exeter bado lipo jengo la Tuckers Hall, la mwaka 1471, lililokuwa la chama cha wafumaji, wakanyaga sufu na wakata manyoya ya vitambaa.

Mwanzoni hayo hayakuwa majina ya ukoo. Karani aliandika Robert le Walker ili kumtofautisha na Robert mwingine, na Robert akifa, jina lilikufa naye. Mambo yalibadilika polepole baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kuanzia karne ya 12 hadi ya 14, watoto wakaanza kubaki na jina la baba hata kama walikuwa wakulima au waoka mikate, kusini wakitangulia na kaskazini wakifuata. Mirathi ya ardhi ilichangia, na kodi vilevile. Orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 ni hazina kwetu tunaochunguza majina, hasa ile ya Yorkshire, kaskazini, ya 1379, kwa sababu ndani yake bado unawaona watu wengi ambao jina na kazi vinalingana. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi kwenye daftari, na kuanzia hapo jina lilikuwa vigumu kuliponyoka.

Kuna jambo husahaulika hapa. Vinu vya maji vya kuponda sufu kwa nyundo za mbao vilikuwapo Uingereza tangu karne ya 12. Orodha ya mali za Templar, chama cha watawa wapiganaji, ya mwaka 1185 inavitaja. Maana yake, miguu ilianza kupumzishwa kabla majina hayajawa ya kurithiwa. Huenda wengi wa Walker wa kwanza hawakukanyaga kitu, walisimamia kinu. Kwenye visiwa vya magharibi mwa Scotland, ambako vinu havikuenea, wanawake waliendelea kuponda kitambaa kwa mikono, wakiimba nyimbo za kupokezana, hadi karne ya 20.

Leo Walker limewaacha wenzake mbali. Liko miongoni mwa majina 20 yanayoongoza Uingereza, na sensa ya Marekani ya 2010 iliwahesabu zaidi ya watu 500,000 wenye jina hilo. Smith, yaani mhunzi, lilikuwa na zaidi ya milioni 2.4 na ndilo linaloongoza nchi zote mbili. Kwa maoni yangu Walker limeshinda kwa sababu eneo lake lilikuwa kubwa, na miji ya viwanda ya kaskazini ilifurika watu katika karne ya 19. Huko Scotland lilimeza pia jina la Kigaeli Mac an Fhucadair, mwana wa mkanyaga sufu. Hata hivyo ramani ya zamani haijafutika: ukiipanga sensa ya 1881 kwa majina, Tucker bado limerundikana Devon na Fuller kusini-mashariki.

Afrika Mashariki tunayo mifano yetu. Askofu Alfred Tucker wa Kanisa la Kianglikana alipofika Buganda mwaka 1890, alimkuta huko mmisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimisionari la Kianglikana) aitwaye Robert Henry Walker. Majina yao mawili yalikuwa ya fundi mmoja. Chuo cha theolojia cha Mukono kilichoitwa kwa jina la askofu huyo ndicho mwaka 1997 kilichogeuka kuwa Uganda Christian University.

Ila mtu asikimbilie kudai kwamba akina Walker wote ni ndugu. Jina lilizuka mara nyingi, kila palipokuwa na kinu cha sufu. Liliwafikia pia watu wasio na nasaba yoyote ya Yorkshire: Wamarekani Weusi wengi wanalo kwa sababu ya historia ya utumwa, na mfanyabiashara maarufu Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, alilipata kwa mumewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kulinganisha kromosomu Y, ambazo mwana wa kiume hurithi kwa baba yake, za wanaume wa Uingereza wenye majina yanayofanana. Wenye majina adimu mara nyingi walikutana kwa babu mmoja. Akina Smith walifanana kwa kiasi kile kile cha watu waliookotwa barabarani.