Umbali mrefu ndio unaoupa mchezo wa kutembea thamani yake

Mimi ni mwamuzi wa matembezi ya mashindano. Kazi yangu ni kusimama kando ya njia na kutazama miguu ya watu kwa saa nyingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu mwenye haraka kiasi hicho, si akimbie tu? Mruka juu naye hulazimika kuruka kwa mguu mmoja, na sijasikia akiulizwa kwa nini hatumii yote miwili. Mchezo huzaliwa pale unapowekwa mpaka. Wetu una masharti mawili: lazima mguu mmoja uonekane ukigusa ardhi wakati wote, na mguu unaotangulia uwe umenyooka gotini tangu unapotua hadi mwili unapokuwa wima juu yake.

Kwa kilomita moja au mbili, kijana yeyote aliyefundishwa vizuri anaweza kuyatimiza. Kwa saa tatu ni habari nyingine. Mkimbiaji wa marathoni akichoka, kasi yake inashuka. Anaweza kuyumba na kuburuta miguu, na maadamu anasonga mbele yuko salama. Mtembeaji akichoka, kinachokuwa hatarini ni haki yake ya kubaki mashindanoni. Ndiyo maana naamini kuwa mbio ndefu ndizo zinazoonyesha mchezo huu ni nini hasa.

Uchovu huanza mapema kwenye muundi. Msuli wa mbele ya muundi ndio unaonyanyua vidole ili kisigino kitangulie kutua, na kwa hatua zinazokaribia 200 kwa dakika haupati nafasi ya kupumzika. Ukilegea, unyayo unatua bapa na goti linajikunja kidogo kupokea uzito. Nyonga nazo, ambazo kwa kuzunguka ndizo zinazorefusha hatua, zinakaza. Mtembeaji anahisi hatua imefupika, anataka kuifidia, basi anajisukuma kwenda juu: mabega yanapanda, kichwa kinaanza kudundadunda. Siwezi kumwadhibu mtu kwa kichwa chake. Lakini kikianza kudunda, macho yangu yanashuka moja kwa moja kwenye viatu.

Nikiona hatari namwonyesha kibao cha manjano, chenye alama ya wimbi ikiwa anakaribia kuruka, au alama ya pembe ikiwa ni goti. Nikiona kosa bayana, naandika kadi nyekundu, nayo huonekana kwenye bango la matangazo. Kila mwamuzi hutoa kadi moja tu kwa mtembeaji mmoja, kwa hiyo kadi tatu maana yake ni watu watatu tofauti wameona kosa, kila mmoja kwa macho yake. Zamani tatu zilikutoa papo hapo. Siku hizi, panapokuwa na eneo la adhabu, unasimama humo kwanza (hadi 2025 zilikuwa dakika 2 kwenye kilomita 20, dakika 3 na nusu kwenye kilomita 35), kisha ya nne ndiyo inakutoa.

Wengine hutuletea video za mwendo wa polepole zinazoonyesha miguu yote miwili hewani kwa kitambo kidogo mno. Ni kweli, hutokea. Lakini sheria inazungumzia jicho la binadamu lisilosaidiwa na chombo, na kipimo hicho ni kimoja kwa wote. Katika mzunguko wa kilomita 2, mtembeaji wa kilomita 50 alipita mbele yangu angalau mara 25. Kubahatisha mbele ya waamuzi wengi kwa mizunguko 25 ni kazi ngumu kuliko kutembea vizuri.

Robert Korzeniowski wa Poland analijua hili. Barcelona mwaka 1992 alikuwa wa pili kwenye kilomita 50, karibu kabisa na uwanja, akaondolewa. Alirudi akashinda umbali huohuo Atlanta 1996, Sydney 2000 na Athens 2004, na huko Sydney akachukua na kilomita 20.

Kuhusu kasi, chukua rekodi ya Yohann Diniz wa Ufaransa, saa 3:32:33 kwa kilomita 50, Zürich mwaka 2014. Huo ni wastani wa dakika 4 na sekunde 15 kwa kilomita. Kwa mwendo huo unamaliza umbali wa marathoni chini ya saa tatu, jambo ambalo wakimbiaji wengi hulifanyia mazoezi miaka na wasilipate, halafu bado zinakusubiri karibu kilomita 8. Diniz alikuwa na miaka 36. Jesús Ángel García wa Hispania alishiriki Olimpiki nane, ya mwisho akiwa na miaka 51. Umbali huu humlipa mtu kwa ukomavu, nami nauheshimu kwa hilo.

Kilomita 50 ziliondolewa kwenye Olimpiki baada ya michezo ya Tokyo, zikichezwa Sapporo mwaka 2021. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba wanawake hawakuwa na mbio sawa. Hoja ya usawa ni ya haki, ila dawa yake ilikuwa kuwapa wanawake umbali huo. Liu Hong wa China alikuwa ameshashuka chini ya saa 4 mwaka 2019, kwa 3:59:15. Kwenye mashindano ya dunia zikaja kilomita 35, na tangu 2026 Shirikisho la Riadha Duniani limehamia kutembea umbali wa nusu marathoni na marathoni.

Marathoni naipokea kwa mikono miwili. Ukiitazama, kuanzia kilomita ya 30 weka jicho moja kwenye bango la kadi. Anayeongoza akiwa na kadi mbili lazima aamue: apunguze mwendo alinde goti lake, au aendelee kusukuma huku aliye nyuma yake, asiye na kadi hata moja, akijua vizuri kwamba akimkaribia atamlazimisha aongeze kasi.