Uso wa kawaida unapoonekana kama wa adui

Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, anakutazama bila kucheka wala kununa. Anapiga hesabu ya chenji tu. Wengi watabeba sambaza zao waende. Mwingine ataondoka moyo ukimdunda, akiwa na hakika kwamba yule mama ana jambo naye.

Tukizungumza na familia kuhusu sifa za skizotipi, tunaanzia hapo. Sifa hizo ni kama kushuku watu, kuona ishara katika mambo madogo, kuongea kwa namna isiyoeleweka kirahisi, kujitenga. Sote tunazo kwa viwango tofauti, na wengi wa wale walio nazo sana hawataugua skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, kamwe. Dodoso la Adrian Raine la mwaka 1991 huzipima kwa maswali 74.

Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, kuna amigdala, sehemu ndogo kama lozi. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari haraka, kabla hujafikiri. Kisha sehemu ya mbele ya ubongo huichunguza ile hofu: huyu mama anahesabu tu. Baadhi ya tafiti za picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa wenye sifa hizi sehemu ya mbele hutumia nguvu zaidi kutuliza hisia, huku mawasiliano yake na amigdala yakiwa dhaifu. Huenda ndiyo maana uso usiosema lolote wakati mwingine husomwa kama wenye hasira. Kwa wengine tatizo ni kinyume: furaha yenyewe haiwafikii sawasawa, na nyumbani wanaambiwa wanaringa. Hawaringi.

Hapa Kivu tuwe waangalifu. Kuogopa karuho, yaani sumu ya kutiliwa kwa siri, au kuamini ulozi, peke yake si dalili. Ni imani ya wengi, na miongozo ya utambuzi wa magonjwa ya akili inataka imani za jamii zizingatiwe. Sisi tunauliza hivi: ndugu za mwenye hofu hiyo wanaoamini hayo hayo, nao wanaona amezidi? Ameacha kula hata chakula cha mama yake mzazi?

Kumwambia “unawaza bure” hakumsaidii, maana hofu imeshamwingia mwilini. Muulize taratibu ameona nini hasa: ni macho, ni sauti, ni nini? Halafu tafuteni pamoja maelezo mengine ya jambo lile lile. Anaposhiriki hivyo, sehemu ya mbele ya ubongo wake inafanya kazi yake, na itaifanya vizuri zaidi akiwa amelala vya kutosha. Bangi aiache kabisa. Inachochea shuku na kuongeza uwezekano wa kuugua.

Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kukesha usiku baada ya usiku au kuacha masomo, mpelekeni SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Bukavu, au kituo cha afya kilicho karibu mapema, hata kama maombi yanaendelea nyumbani.