Namba kufurika: kwa nini asilimia ya RAID hudanganya

Umebadilisha diski iliyokufa kwenye RAID 5 ya Linux (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja na kustahimili kufa kwa mojawapo), ukafungua programu ya kufuatilia uone ujenzi upya wa data kwenye diski mpya umefika wapi. Asilimia imepanda hadi 70, mara imerudi 3. Usichomoe diski bado. Inawezekana kabisa data inaandikwa salama, na kilichokosea ni hesabu ya kuonyesha tu.

Kosa hilo huitwa kufurika kwa namba. Chukua mita ya gari kuukuu yenye tarakimu tano: ikipita 99999 hurudi 00000, ingawa gari halijarudi lilikotoka. Kompyuta nayo huweka namba kwenye nafasi yenye ukomo, na nafasi ya biti 32 huishia 4,294,967,295. Ukihesabu sekta (vipande vidogo vya diski) za baiti 512, kihesabio hicho hujaa kwenye TiB 2, yaani takriban TB 2.2. Ndiyo maana diski ya TB 3 ikichomekwa kwenye baadhi ya vifaa vya zamani husomeka kama ya GB 801 hivi: ni masalia baada ya kihesabio kuzunguka mara moja.

Kwenye asilimia mtego uko karibu zaidi. Ili kupata desimali moja, unazidisha bloku (vipande vya data) zilizokamilika kwa 1000, kisha unagawa kwa jumla. Kwa bloku za KiB 1 (baiti 1024), biti 32 hufurika kazi ikipita GiB 4 kidogo tu! Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, hukwepa kwa kuzipunguza kwanza namba zote mbili, angalau mara 1024. Programu ya pembeni hailazimiki kuwa na busara hiyo.

Kwa hiyo soma mwenyewe /proc/mdstat, faili ambamo kerneli huonyesha hali ya RAID. Kwenye mabano kuna namba mbili, bloku zilizokamilika na jumla. Zigawe, kisha rudia baada ya dakika moja. Ya kwanza ikiongezeka, kazi inakwenda. Ikiganda, hapo ndipo pa kufungua dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli) na kutafuta makosa ya kusoma. Jumla hiyo, kwa RAID 5, ni ya diski moja, si ya diski zote za RAID. Faili la sync_completed, linaloonyesha maendeleo yaleyale, huhesabu kwa sekta, hivyo namba zake ni maradufu ya za mdstat, jambo linaloweza kumpotezea mtu jioni nzima.

Muda uliobaki ni habari nyingine. Hukadiriwa kwa mwendo wa takriban nusu dakika iliyopita, na diski za sahani hupunguza kasi kadiri kichwa kinavyosogea ndani, kwa hiyo saa za mwisho hurefuka bila hitilafu yoyote.