Kimya cha muuzaji si kukataa

Wiki hii nimeletewa tena msimbo wa wakala wa ununuzi, yaani programu inayomnunulia mteja bidhaa, wenye kosa lilelile: muda wa kusubiri jibu ukiisha, anahesabu oda imekataliwa, anaagiza upya. Aliyeuandika akaniambia, "Muuzaji hakujibu, kwa hiyo hakukubali." Jamani, hapana! Kimya hakisemi amekubali wala amekataa.

Ruwaza yenyewe ya mawakala kupeana kazi kwa zabuni, Contract Net, ni ya siku nyingi, Reid G. Smith aliieleza mwaka 1980. Mwenye kazi anaitangaza, wenye uwezo wanaleta zabuni, anachagua mmoja na kumjulisha. FIPA, chombo cha viwango vya mawakala wa programu kilichoanzishwa 1996, kikaipangia ujumbe rasmi: mwito wa zabuni, pendekezo, kukataa, kukubali, na mwishoni taarifa kwamba kazi imekamilika au imeshindikana. Hadi hapo hatugombani.

Balaa huanza baada ya kukubali. Saa 8:03:10 wakala wa mnunuzi anatuma "nimekubali". Muuzaji anaipokea, anapunguza stoki, anakata malipo, anajibu. Jibu linapotea njiani. Sekunde 30 zikiisha, wakala anatuma tena, safari hii kwa namba mpya ya oda, kwa sababu msimbo unatunga namba ndani ya kitanzi (loop) cha kujaribu upya. Kwa muuzaji hiyo ni oda nyingine, halali kabisa. Mteja amekatwa pesa mara mbili, na ukipekua kumbukumbu za seva zote mbili hukuti kosa hata moja.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaokimbilia kuongeza muda, 30 ziwe 60. Usubiri hata siku nzima, bado hujui kilichopotea ni ujumbe ulipokuwa unakwenda au jibu lilipokuwa linarudi. Namba ya oda itungwe mara moja tu, ihifadhiwe kwenye databesi kabla ya jaribio la kwanza, kisha itumwe ileile kila mara, hata wakala akizimika na kuwashwa upya. Muuzaji akiiona kwa mara ya pili, arudishe jibu la mwanzo bila kugusa stoki wala malipo. Tena aiandike namba hiyo na kupunguza stoki katika muamala mmoja wa databesi, yaani vyote vifanyike pamoja au kisifanyike hata kimoja. Akivitenganisha, seva ikianguka katikati umerudi kulekule.

Pale ninapokwama mimi ni kwenye zabuni. Muuzaji akishika bidhaa, yaani kuitenga asiiuzie mwingine, kwa kila zabuni anayotoa, mawakala wanaoulizia bei tu watamfungia stoki nzima. Asiposhika, wanunuzi wawili watakubali kipande kimoja cha mwisho, na mmoja itabidi aombwe radhi. Nimejenga kwa njia zote mbili na zote zimenitesa. Siku hizi nashika kwa muda mfupi, na urefu wa muda huo naukisia upya kwa kila mfumo. Mwenye kanuni ya kuukokotoa anioneshe, pamoja na kumbukumbu za seva za siku ya msongamano.