Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Mwishoni mwa Desemba mama mmoja wa kata ya Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, aliniletea maabara chupa mbili nipime floraidi: moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji yale yale baada ya kuyachemsha. Majibu yalipotoka alikunja uso. "Mwanangu, hii mashine yenu imeharibika. Haya niliyoyachemsha ndiyo yana floraidi nyingi zaidi?"

Mashine ilikuwa nzima, na sampuli zake nilizirudia mara tatu. Nimechoka kulisikia jambo hili, eti kuchemsha kunaondoa floraidi. Nalisikia sokoni Tengeru, nalisikia msibani, nalisikia hata kwa watu waliosoma kemia. Kuchemsha kunaua vijidudu, na tafadhali endeleeni kuchemsha, kipindupindu hakina mzaha. Lakini floraidi si mdudu. Ni ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme iliyoyeyuka majini, ndugu wa kloraidi iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na hakuna aliyewahi kuchemsha maji ya chumvi yakawa matamu. Ingeweza kupanda na mvuke kama maji yangekuwa makali kama siki; maji ya chini ya Mlima Meru yana magadi ndani yake, hayana uchachu wowote. Piga hesabu: lita 5 zenye miligramu 4 kwa lita zina jumla ya miligramu 20. Zikichemka zikabaki lita 4, miligramu ni 20 zile zile, yaani 5 kwa kila lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni isizidi 1.5.

Kuna atakayenijibu kwamba kwingine kuchemsha hupunguza. Ana ukweli kidogo. Maji yenye kalisi nyingi huacha ukoko mweupe kwenye birika, na ukoko huo unaweza kunasa floraidi kiasi. Ya Meru yana sodiamu na baikaboneti tele, kalisi haba. Ndiyo maana floraidi iliyotoka kwenye miamba ya volkano imebaki imeyeyuka: haikupata kalisi ya kugandana nayo.

Linalonikera kuliko yote ni "mashine imesema". Mashine haioni floraidi. Inasukuma sampuli pamoja na mmumunyo wa kaboneti ndani ya kolamu, bomba jembamba lililojaa chembe zenye chaji chanya. Ioni hasi zinashikwa, zinaachiliwa, zinashikwa tena, kila moja kwa mwendo wake. Floraidi haishikiki sana, kwa hiyo inatoka ya kwanza, kwangu karibu na dakika ya 3. Kloraidi inafuata, kisha nitreti, na salfeti mwishoni. Mlango wa kutokea kuna kipimo cha upitishaji umeme kinachochora vilele. Kinachojua ni saa na umeme, basi. Jina "floraidi" tunaliandika sisi, kwa kulinganisha na mmumunyo tuliouandaa wenyewe.

Na huko kutoka wa kwanza ndiko kunakotutesa. Mbele kidogo ya kilele, maji yenyewe ya sampuli hupita na kuchimba bonde kwenye mstari. Ukianza kupima kutoka ndani ya bonde unapata nyingi. Ukianzia ukingoni, pungufu. Nyuma yake zinakuja asetati na fomati, ioni nyingine hasi, zimeing'ang'ania floraidi mgongoni. Chupa ya juisi iliyosuuzwa harakaharaka, ikakaa siku tatu ndani ya gari, inanipa kilele chenye bega, na bega hilo si la kisima. Mimi na mwenzangu tumewahi kuchora mstari wa chini kwa mkono, kila mtu kivyake, tukatofautiana kwa sehemu moja ya kumi. Kwenye miligramu 5 ushauri haubadiliki. Kwenye 1.5 unabadilika wote, na siku hiyo silali vizuri mpaka nimepima tena kwa elektrodi, kijiti kinachohisi floraidi chenyewe. Elektrodi nayo ina yake: mtu akitia shabu ili tope litulie, aluminiamu inaikumbatia floraidi na elektrodi haiihisi, hadi utie bafa, mmumunyo wa kuziachanisha. Aluminiamu ikizidi, hata bafa haiziachanishi zote. Kwa hiyo nikikupa namba moja tupu bila kukuuliza chupa ilitoka wapi na ulitia nini, usiniamini.

Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule wanaoushughulikia kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, unanasa floraidi. Mkaa wa kupikia usiutegemee kwa kazi hiyo. Wa mifupa nao hujaa, na maji yanayopita yatabaki na ladha ile ile, kwa hiyo leta chupa tupime. Na ukiwatilia watoto magadi kwenye makande, jua magadi yenyewe yanaweza kubeba floraidi nyingi.

Mama alirudi siku ya pili na chupa ya tatu, maji ya mvua kutoka bati la nyumba yake. Tulikaa naye mbele ya skrini. Dakika ya 3 ikapita, mstari ukabaki umelala. Akauliza kama tenki lake la lita 1,000 litamfikisha masika. Kwa kunywa na kupikia tu, lita 10 kwa siku, ni siku 100.